Mambo Niliyofundishwa na Simu na Minara ya Goma

Simu yangu ya kwanza ilikuwa Nokia 1100 ambayo mjomba aliniachia mwaka 2006, namba za vitufe vyake zikiwa zimefutika na kioo chake kikiwa na mkwaruzo mrefu kutoka pembe moja hadi nyingine. Nyumbani kwetu Ndosho, magharibi mwa Goma, hatukuwa na umeme, kwa hiyo ile tochi ndogo iliyo kichwani mwa simu ilitufaa kuliko hata kupiga: mama alipika sombe kwa mwanga wake, wadogo zangu walisoma kwa mwanga huohuo, na usiku wa manane aliyetaka kutoka uani aliibeba. Betri ilikaa siku tano, wakati mwingine sita, ndipo niipeleke kwa kijana mwenye jenereta aliyekuwa akichaji simu za mtaa mzima juu ya meza moja, kila simu ikiwa na kipande cha karatasi chenye jina la mwenyewe.

Mtandao haukuingia ndani ya nyumba. Kuta zetu zilikuwa za mbao, lakini paa lilikuwa la mabati yaliyoshuka chini sana, na mnara wa karibu ulikuwa mbali. Kwa kujaribu huku na huku tuligundua kwamba kwenye mwimo wa mlango, kimo cha bega la mtu mzima, simu ilishika vijiti viwili, basi baba akapigilia msumari mahali pale na kuufungia kikopo cha plastiki alichokikata nusu. Simu ililala katika kikopo kile. Majirani nao wakaja na zao, na ikawa kawaida kuona simu tatu zimebanana mlangoni petu, na ikilia moja, watoto wanakimbia kumwita mwenyewe, naye anakuja kuzungumza akiwa amesimama kizingitini, kila mtu akisikia habari zake.

Kilichonisumbua akili ni kwamba ukikisogeza kikopo kiasi cha kiganja kimoja, mtandao ulipotea. Jibu nililipata baada ya miaka mingi, na nakiri kwamba siku niliyolielewa nilifurahi kama mtu aliyepokea barua aliyoingoja tangu utotoni. Masafa ya megahezi 900, ambayo simu nyingi za wakati ule zilitumia, yana mawimbi yenye urefu wa sentimita 33 hivi. Mawimbi yanapogonga mabati hurudi, na yanayorudi hukutana na yanayokuja. Mahali fulani yanasaidiana, mahali pengine yanauana, na kutoka mahali penye nguvu hadi mahali pakavu panaweza kuwa robo tu ya urefu wa wimbi, yaani sentimita nane. Upana wa kiganja. Baba hakusoma fizikia, lakini msumari wake ulikuwa mahali pake hasa.

Tangu hapo niliipenda simu kama wengine wanavyopenda mpira. Nilizifungua, nikazifunga, nikaharibu kadhaa, nikajifunza bei zake sokoni Birere duka kwa duka. Hata hivyo kosa langu kubwa la kwanza nililifanya mwaka 2013, nilipokuwa na miaka 21 na nikifanya kazi katika duka la kutoa fotokopi Katindo. Niliweka akiba kwa miezi minane hadi nikafikisha dola 180, nikanunua simu ya kisasa iliyotumika, yenye kioo kikubwa na kamera ambayo hakuna rafiki yangu aliyekuwa nayo. Ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya kampuni moja ya Marekani. Nilipoweka laini yangu iliniomba namba za siri za kuifungua, kwa sababu ilikuwa imefungwa isikubali laini ya kampuni nyingine yoyote. Nikamlipa fundi dola 20 akaifungua. Nikadhani shida imekwisha.

Haikwisha. Simu za wenzangu zilionyesha 3G, yangu ilionyesha herufi E tu, yaani intaneti ya polepole ya kizazi cha pili, na picha moja ilichukua muda wa kupika chai kabla haijafunguka. Nilibadilisha laini mara mbili, nikarudi kwa fundi, nikamshuku muuzaji kwamba aliniuzia kitu kibovu. Kumbe simu ilikuwa nzima kabisa. Redio iliyokuwa ndani yake ilijengwa kusikiliza 3G kwenye megahezi 850 na 1900, kama walivyotumia Marekani wakati ule, ilhali kwetu 3G ilirushwa kwenye megahezi 2100. Ilikuwa kama mtu mwenye masikio mazima anayesemeshwa kwa lugha asiyoijua. Tangu siku hiyo, mtu akiniletea simu anayotaka kununua, siangalii kwanza kamera wala kumbukumbu. Nafungua sehemu ya maelezo ya simu, nasoma namba ya modeli, kwa maana jina moja la simu linaweza kuuzwa katika nchi mbalimbali likiwa na redio tofauti, kisha natafuta masafa yake. Halafu napiga *#06# ili nione zile tarakimu 15 za utambulisho, nazilinganisha na zilizo kwenye boksi. Zisipofanana, naondoka bila kujadili bei.

Jambo hili lilipata uzito zaidi 4G ilipoanza nchini mwaka 2018. Watu walinunua simu zilizoandikwa 4G kwenye boksi, wakashangaa kuona maandishi hayo yanatoweka kila wanapopigiwa, na wengine wakazirudisha dukani kwa ugomvi. Hakukuwa na ugomvi wa kufanya. Kama simu au mtandao hauwezi kubeba sauti juu ya 4G, simu hushuka kwenye 3G au 2G kwa muda wa mazungumzo kisha hupanda tena. Nilieleza hivyo kwa watu wengi sana mwaka ule, mmoja mmoja, na bado naeleza.

Baada ya kuoa nilipanga nyumba karibu na mpaka mdogo, ambapo ukisimama mlangoni unaona mabati ya Gisenyi, upande wa Rwanda. Pale nilikutana na jambo ambalo mtu anayeishi mbali na mpaka hawezi kulijua. Mawimbi hayasimami mpakani kuonyesha kitambulisho. Usiku, simu yangu iliona mnara wa Rwanda una nguvu kuliko wa kwetu, ikahamia huko yenyewe, na asubuhi dada yangu aliponipigia kutoka Bukavu, mayunite yangu yote yalikwisha kabla hatujamaliza kuulizana hali za watoto, kwa sababu kupokea simu ukiwa kwenye mtandao wa nchi nyingine hulipiwa. Nilikwenda kulalamika kwenye ofisi ya kampuni, nikajibiwa kwa upole kwamba kwa mujibu wa rekodi zao nilikuwa nje ya nchi. Nilikuwa kitandani kwangu.

Dawa yake ni kuzima huduma ya kutumia mitandao ya nje na kuchagua mtandao kwa mkono badala ya kuiachia simu. Kila nchi ina namba yake ambayo mnara huitangaza muda wote, 630 ikiwa ya Kongo na 635 ya Rwanda, nayo simu huisoma kabla ya kuonyesha jina la kampuni. Kwa mtu anayeishi Birere au karibu na bariyeri, kujua namba hizo mbili ni kuokoa fedha.

Saa nayo ilinipotosha. Nchi yetu ina majira mawili: Goma na Bukavu hufuata saa za Lubumbashi, na Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Simu mpya niliyoinunua mwaka 2017 ilijua kwamba iko Kongo, ikajipangia saa za Kinshasa, nami sikuangalia. Nilifika bandarini kuchukua boti ya Bukavu ya saa moja na nusu asubuhi, simu ikionyesha saa moja kasorobo, kumbe ilikuwa saa mbili kasorobo na boti ilikwisha kuwa nukta nyeupe ziwani. Mama aliyekuwa akiuza sambaza pale ufukweni aliniambia kwa huruma kwamba sikuwa wa kwanza wiki ile. Kwenye mipangilio ya tarehe ni lazima uchague Lubumbashi wewe mwenyewe.

Kuhusu betri ningeweza kuandika siku nzima. Simu iliyo mbali na mnara huongeza nguvu ya kutuma ili isikike, ndiyo maana betri ileile inayokaa siku mbili mjini huisha kabla ya jioni ukiwa kijijini, hata kama hukuigusa. Vile vijiti vya mtandao juu ya kioo si kipimo cha kuamini, kwa kuwa kila mtengenezaji hupanga mwenyewe vijiti vinne vimaanishe nini. Kipimo cha kweli kimo katika sehemu ya hali ya laini, nacho ni namba yenye alama ya kutoa: 70 ni nzuri sana, 110 ni mwisho wa matumaini. Tofauti ya kumi kwenye kipimo hiki ni tofauti ya mara kumi ya nguvu, kwa hiyo kutoka 80 hadi 110 mawimbi yamepungua mara 1,000. Nilipolielewa hilo niliacha kuilaumu betri na nikaanza kubadilisha mahali ninapoiweka simu nyumbani.

Lakini kuna betri za kulaumiwa. Mwaka 2019 nilinunua kando ya barabara pawabenki iliyoandikwa mAh 20,000, yaani kiasi cha chaji inachodai kubeba, ikawa haijazi simu yangu hata mara moja. Nikaifungua. Ndani mlikuwa na seli moja ya duara, yenye ukubwa wa kidole gumba, na pembeni yake mfuko wa nailoni uliofungwa kwa gundi. Nilipoutoboa kwa ncha ya kisu, mchanga mkavu ulimwagika mezani. Mtu alikaa mahali fulani akapima mchanga, akautia mfukoni, akaufunga vizuri ili mnunuzi ahisi uzito. Niliutazama kwa muda mrefu. Seli ya aina ile, hata iliyo bora kabisa, hubeba mAh 3,500 hivi, na ina uzito wa gramu 45 au zaidi kidogo, kwa hiyo mAh 20,000 za kweli zinahitaji seli sita na gramu 270 bila kuhesabu ganda. Sasa nikitaka kununua pawabenki naomba mizani kwa muuza unga wa jirani. Mchanga unaweza kupita mizani, najua, kwa hiyo baada ya kupima naitikisa sikioni, na napendelea ile ambayo muuzaji anakubali niijaribu kwenye simu tupu mbele yake.

Betri iliyovimba ni jambo jingine, na hapa nazungumza kwa uzito wote. Ukiona kifuniko cha nyuma kimeinuka au kioo kimeanza kuachana na fremu, acha kuichaji siku hiyohiyo, usiibonyeze, usiitoboe, wala usiiweke karibu na godoro la watoto. Nyumba nyingi za Goma ni za mbao na zimekaribiana, na moto wa betri ya lithiamu hauzimiki kwa ndoo moja ya maji.

Ni kwa fundi mmoja wa Birere, anayefanya kazi kwenye kibanda ambacho watu wawili hawawezi kukaa bila kugusana magoti, nilikoonyeshwa kitu ambacho kilibadilisha namna ninavyoitazama simu. Aliweka ubao wa simu ya zamani chini ya lenzi, akaelekeza ncha ya koleo kwenye kipande cha manjano, kidogo kuliko punje ya mchele, chenye mstari mweusi upande mmoja kuonyesha ncha chanya. "Hiyo ni tantali, yaya," akaniambia, yaani kaka. "Inatoka kwetu." Ni kapasita, inayohifadhi chaji ya umeme nyingi katika nafasi ndogo sana, na tantali yake, ambayo ni metali, hutoka kwenye madini ya koltani, na machimbo makubwa ya koltani yako Rubaya, kule Masisi, milima ambayo siku ya anga safi tunaiona tukielekea Sake. Wanaochimba huko wanatumia sururu, koleo na mikono, wanaosha mawe kwa maji ya mtaro, na wengi wao hawajawahi kushika simu iliyo mpya. Nilikuwa nimefungua simu kwa zaidi ya miaka kumi bila kujua kwamba ndani yake mna kipande cha mkoa wangu. Tangu hapo siwezi kuona mtu akitupa simu kwa sababu kioo kimepasuka bila kumwuliza kama naweza kuichukua nikaitengeneze.

Yote hayo, hata hivyo, niliyajua kama mtu anavyojua mchezo. Mei 2021 ndiyo iliyonionyesha kazi ya simu.

Inanibidi nirudi nyuma kidogo. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipopasuka na lava kukata mji katikati hadi ziwani, nilikuwa na miaka kumi. Sisi tulikuwa upande wa magharibi, tukakimbilia Sake. Bibi yetu alikuwa Birere, akasukumwa na umati hadi Gisenyi. Wenye simu walikuwa wachache mno, nasi hatukuwamo. Kwa siku kumi na moja baba alimwuliza kila aliyepita njiani kama amemwona mama mzee mwenye kitambaa cha kijani kichwani, na jibu lilipokuja lililetwa kwa mdomo na mtu wa tatu aliyeambiwa na mwingine.

Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, jioni, anga la kaskazini likawa jekundu tena. Mimi wakati huo nilikuwa na simu ya 4G yenye kamera tatu, na mtu yeyote angedhani nimejiandaa. Kila niliyempigia, sauti ya mashine ilijibu kwamba mtandao umeelemewa. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mchana na usiku, na alfajiri ya Alhamisi tarehe 27 mamlaka zikaamuru mitaa kumi ihamishwe. Tulitoka kwa miguu, mke wangu akiwa na mtoto mgongoni, mimi nikimshika mama mkono, barabara yote ya Sake ikiwa imejaa magodoro, mbuzi, chukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, zilizopakiwa hadi juu, na watu walioinua simu zao hewani wakitafuta mtandao.

Kufikia alasiri simu yangu nzuri ilikuwa imezimika. Niliitumia kama tochi kabla ya mapambazuko, nikafungua video zilizotumwa kwenye makundi ya WhatsApp, nyingi zikiwa za uongo au za mwaka mwingine, nayo muda wote ilikuwa ikihangaika kutafuta mnara ulioelemewa. Mama alikuwa na simu ndogo ya vitufe, ya bei ya dola kumi, ambayo nilimcheka mara nyingi kwa kukataa kuibadilisha. Ilikuwa na betri nusu.

Dada yangu alikuwa Bukavu, hajui kama tuko hai. Nilipiga mara nyingi, sikupata. Ndipo nilipokumbuka jambo nililolisoma zamani na kulichukulia kama elimu ya kupendeza tu. Katika mtandao wa kizazi cha pili, kila chaneli ya masafa hugawanywa katika vipande vinane vya muda, na baadhi ya vipande hivyo hutumika kuelekeza simu na wala si kubeba sauti. Kwa hiyo mnara wa mji mdogo una nafasi za mazungumzo zinazohesabika, na siku ile maelfu ya watu walizigombania. Ujumbe mfupi haugombanii nafasi ya mazungumzo. Hupita kwenye njia ileile ya kuelekeza simu, na ukishatumwa, usipomfikia mwenyewe sasa husubiri kwenye kituo cha kampuni na kujaribiwa tena. Niliandika: "Tuko Sake, kanisani. Wote wazima. Mama ametembea vizuri. Usipige, andika." Haukuenda mara ya kwanza, wala ya pili, wala ya tatu. Mara ya nne kioo kidogo kiliandika kwamba umetumwa, nikaizima simu ili kulinda betri, nikaiwasha baada ya saa nzima.

Jibu lilikuwapo. "Mungu asifiwe. Nimekuja Minova na boti. Kesho nitafika kwenu."

Waliokuwa jirani nasi pale kanisani waliona nimepata jibu, wakaja. Usiku ule nilikaa na simu ya mama magotini, watu wakinitajia namba na maneno yao, nami nikiandika ujumbe mmoja mmoja wa herufi zisizozidi 160, nikikumbusha kila mmoja ataje mahali alipo kwanza na salamu baadaye. Mzee mmoja hakujua namba ya mwanawe kichwani. Ilikuwa ndani ya simu yake iliyozimika. Tulitoa kadi yake, tukaiweka kwenye simu ya mama, na bahati ikawa upande wetu kwamba majina aliyahifadhi kwenye kadi na si kwenye kumbukumbu ya simu. Niliandika ujumbe hadi betri ilipofika kijiti kimoja, hapo mama akaichukua simu yake bila kusema neno na kuifunga kwenye pembe ya kitenge.

Tulirudi nyumbani Juni. Kitu cha kwanza nilichokifanya ni kuandika kwenye daftari namba kumi na mbili za watu wetu, kila mtu wa nyumbani akapewa nakala, na watoto wakafundishwa kuzikariri namba mbili, yangu na ya shangazi yao. Nilinunua simu ya vitufe yenye laini mbili za kampuni tofauti, naichaji kila Jumapili, na naiweka pamoja na hati zetu katika mfuko ulioko nyuma ya mlango. Ile ya kamera tatu bado ninayo, na naipenda.

Kwa mama kule Ndosho mtandao siku hizi unaingia hadi chumba cha nyuma, lakini msumari wa baba bado uko kwenye mwimo wa mlango, umeshika kutu, kikopo kilikwisha kuanguka zamani. Kila simu ninayotaka kuinunua au ninayoombwa kumchagulia mtu, nikiruhusiwa na muuzaji kuichukua kwa siku moja, naipeleka pale. Naweka laini ileile, nashikilia simu mbele ya msumari, nangoja dakika mbili namba itulie. Wiki iliyopita mpwa wangu alileta moja yenye kioo cha kupendeza sana. Yangu ilisoma 91, yake ilisoma 97, yaani ilipokea robo tu ya nguvu ambayo yangu iliipokea mahali palepale. Tulirudia mara tatu, tukabadilishana nafasi, tukapata vilevile, naye akairudisha Birere kabla duka halijafungwa.